Amepotea Leo Asubuhi

Mdogo wangu hajui kushona hata kifungo, lakini ukimpa tovuti iliyokufa ataifufua. Ndiyo kazi yake. Watu wakitafuta jambo kwenye simu zao, kuna kurasa zinazotokea juu na kuna zinazozama huko chini ambako hakuna anayefika. Yeye analipwa kuhakikisha za ofisini kwao zinatokea juu. Nyumbani tunamwita Chapchap, maana tangu utotoni anakula, anaoga na anaongea kama mtu anayefukuzwa. Mimi ni dada yake mkubwa, fundi cherehani, na mdomo wangu hauna breki. Nakwambia mapema usije ukasema sikukuonya.

Hata mimi aliniundia tovuti. Nilidhani nitaweka picha za magauni, basi. Weee! Akanikalisha kitako kama mwanafunzi. "Dada, usiandike unachotaka kusema. Andika wanachouliza." Basi nikawa naandika namna ya kumpima suruali mtoto asiyetulia, namna ya kuondoa doa la mafuta kwenye hariri, namna ya kupanua sketi bila kuiharibu. Na kweli wateja walikuja, wengine kutoka mitaa nisiyoijua. Sitamnyima haki yake. Kazi yake anaijua.

Baba yetu alikuwa fundi bomba. Alistaafu, lakini kichwa chake kilikataa kustaafu pamoja naye. Kumbukumbu zilipoanza kumtoka, majina yetu yaliondoka, mkewe wakati mwingine alimwita "binti", ila bomba hakusahau hata moja. Alikuwa akiamka, anachukua mfuko wake wa spana, anasema ameitwa kazini. Mama alikuwa anamfuata nyuma hadi kwenye kona, anamshika mkono, anamwambia mwenye nyumba amesafiri, turudi. Naye alirudi bila ubishi, maana fundi hawezi kuvunja mlango wa mtu.

Jumatatu ile Mama alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba. Alipogeuka, geti liko wazi na mfuko wa spana haupo.

Tulizunguka mtaa mzima mpaka sauti zikatukauka. Kituo cha polisi wakaandika maelezo, na yule askari akaniambia wazee huwa wanarudi wenyewe wakisikia njaa, kana kwamba nimepoteza paka. Nilimjibu vizuri tu, na jirani aliyekuwa nami akanivuta mkono kabla sijaongeza. Kilichonitia hofu hakikuwa njaa. Dawa zake za moyo zilikuwa juu ya friji, na daktari alishatuonya asikae bila kuzimeza. Nilijua tukichelewa kumpata tutampata vibaya.

Usiku haujaingia nikakaa mbele ya kompyuta yangu pale karakana, kati ya vitambaa, nikaandika ukurasa kwenye tovuti yangu. Niliweka picha yake, ile ya kitambulisho, ana sharubu zimechongwa. Nikaandika kwamba ametoka nyumbani Jumatatu asubuhi, amevaa sweta ya kijani, ana mfuko wa spana, ukimuuliza atasema yeye ni fundi. Nikaweka namba yangu. Nililia huku naandika, wala sioni aibu kusema.

Kesho yake Chapchap alikuja na macho mekundu, akaufungua ukurasa wangu kwenye simu yake, akatikisa kichwa.

"Dada, hapa hauonekani na mtu."

"Hauonekani vipi na mimi nauona?"

"Unauona kwa sababu umeujia mlango wa mbele. Mtu akitafuta 'mzee amepotea', hakufikii. Tovuti yako inajulikana kwa suruali, haijulikani kwa wazee waliopotea. Mtambo wa kutafuta unakuona wewe ni mshonaji."

"Si ndicho nilicho?"

"Ndiyo tatizo lenyewe." Alikaa juu ya stuli ya wateja, akajishika kichwa. "Nimeongea na Bosi. Ameruhusu tumweke Baba kwenye tovuti ya ofisi. Ile ina nguvu, dada. Ndani ya saa chache atakuwa juu. Ila inabidi wako uufute."

"Niufute? Una wazimu wewe?"

"Kurasa mbili zikisema jambo lile lile zinanyang'anyana. Mtambo haujui upandishe upi, unaweza kuzishusha zote mbili. Uufute wako, nguvu yote iende kwenye ule mmoja. Niamini katika hili tu. Mengine nitukane upendavyo."

Yule ndiye mtoto wa mwisho, aliyebebwa na Baba mabegani mpaka miguu inagusa kiuno. Nikaufuta.

Siku iliyofuata nilienda ofisini kwao, kwa sababu simu yangu ilikuwa imeanza kulia mfululizo nikataka kumwambia kwamba kumbe anajua anachofanya. Ofisi yenyewe ni chumba kirefu juu ya duka la magodoro, mapazia yamefungwa, vijana wamevaa vizibo masikioni, hakuna anayeinua uso. Kila mmoja na kikombe chake cha kahawa iliyopoa. Chapchap alikuwa kwenye kona karibu na feni.

"Ngoja nimalize kuamsha," akasema.

"Kuamsha nini?"

Akanionyesha. Kila asubuhi, kabla ya lolote, wanaingia kwenye kurasa za zamani zinazoleta watu, wanabadilisha tarehe ziwe za siku ile, wanagusa neno moja au mawili, wanazirudisha. Mtambo unapenda kilicho kipya, akaniambia. Ukurasa ukilala siku mbili wenzako wanakupita. Kwa hiyo zinaamshwa. Ule wa namna ya kutunza betri, tarehe ya leo. Wa dalili za mimba, tarehe ya leo. Kisha akafungua wa Baba, na hapo nikaona kichwa cha habari: "Mzee amepotea leo asubuhi, familia yaomba msaada."

"Leo?" nikasema. "Chapchap, Baba ametoka Jumatatu!"

Vijana wawili wakatoa vizibo masikioni.

"Najua katoka lini, dada. Taratibu."

"Taratibu na nini? Huu ni uongo! Nani kapotea leo asubuhi?"

"Sikiliza. Watu hawatafuti 'mzee amepotea Jumatatu'. Wanatafuta 'amepotea leo'. Nimeangalia, maneno yenyewe ndiyo hayo. Na nikiacha tarehe ya juzi, ukurasa unashuka, nafasi yake inachukuliwa na habari ya mbwa aliyepotea, na mbwa huyo yupo, nikuonyeshe?" Alinionyesha. Kweli, mbwa mweupe mwenye utepe shingoni, wa pili kutoka juu. Juu yake, wa kwanza kabisa, Baba. "Yuko wa kwanza, dada. Kila anayetafuta anamwona yeye kwanza. Unataka nimshushe?"

Nikamwangalia Baba pale kwenye kioo. Pembeni ya uso wake palikuwa na tangazo la rangi ya kufunika mvi, na chini yake bima ya mazishi. Nilitaka kuichukua ile kompyuta niirushe dirishani. Lakini simu mkononi mwangu ilikuwa inalia tena, mtu mwingine ameona, mtu mwingine anapiga. Ukurasa wangu wenye tarehe ya kweli haukuniletea hata simu moja.

"Haya," nikasema. "Mwache hapo hapo juu."

Naye akabonyeza, Baba akaamka na tarehe mpya.

Simu zenyewe, Mungu wangu! Mmoja alisema Baba yuko kwao amelala, nikakimbia mpaka huko nikakuta mzee mwingine kabisa ambaye hata hakupotea, amelala kwake. Mwingine alinitaka nitume kwanza hela ya sadaka, asali, ndipo aoneshwe Baba alipo. Mwanamke mmoja akaniuliza kama ile sweta ya kijani naweza kumshonea ya kwake. Nilimtukana mpaka Mama akatoka chumbani. Na kila nilipokata simu nilijiambia kati ya hizi zote ipo moja ya kweli, vumilia, usizime. Nilikuwa naingia nayo hadi bafuni.

Bosi wao naye alinipigia, sauti laini kama ya mtangazaji. Alinipa pole, kisha akasema, "Ukurasa wa mzee unafanya vizuri sana."

Mvua zilinyesha siku mbili mfululizo. Mama alikuwa anakaa sebuleni na vidonge vya Baba mapajani, ameshika kile kikopo kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitali. Tukimwambia ale, anasema atakula na mwenzake.

Jumamosi nilimpata. Sikumpata kwa simu. Nilimpata kwa miguu yangu, nikipita hospitali moja baada ya nyingine kuuliza, mpaka zahanati moja upande ule mwingine wa mji wakaniambia jana yake aliletwa mzee asiyejulikana, mapigo yakiwa yanakatika, na hakufika jioni. Mhudumu akavuta shuka. Ndevu nyeupe zilikuwa zimeota zikameza zile sharubu. Alikuwa amevaa koti la mtu, kubwa, zuri tu. Nikamfunga vifungo vizuri. Kisha nikakaa chini sakafuni, na yule mhudumu, ambaye nadhani ameshawaona wengi kama mimi, akakaa pembeni yangu.

Tukamzika. Chapchap alibeba jeneza mbele, begani, kama Baba alivyombeba yeye, akiwa halii. Alikuwa anafanya yote haraka haraka kama kawaida yake, anapanga viti, anaagiza maji, anawapokea watu. Kwenye msiba watu walimsifu. Kila mtu aliuona ule ukurasa. "Kijana, ulijitahidi, ulikuwa juu kabisa," wakawa wanamwambia, naye anaitikia kwa kichwa. Nilimsikia akimwambia mjomba, "Angalau hakuna aliyetafuta akakosa kumwona." Nikaona hilo ndilo linalomsimamisha. Nikamwachia.

Alimwomba Bosi ukurasa utolewe. Bosi akasema unaleta watu wengi mno, usiamshwe tu tena, utashuka wenyewe taratibu. Kwa hiyo simu ziliendelea. Niko nimekaa na wanawake wenzangu msibani, simu inaita, mtu anahema, "Dada, nimemwona baba yenu, yuko mzima, anavuka barabara." Nilimwambia asante, nikaizima ile simu.

Siku ya pili baada ya mazishi akaja mama mmoja wa makamo tusiyemjua, amejitanda vizuri, viatu vina vumbi la saruji. Alisimama mlangoni hajui amsalimie nani kwanza. Akasema watu wa zahanati ndio waliomwelekeza. Yeye ndiye aliyempeleka mzee.

Tulimvuta ndani kama ndugu. Mama akamkalisha pembeni yake, akamshika mikono miwili. Chapchap akachuchumaa mbele yake. Mimi nilisimama.

"Nina duka la vifaa vya ujenzi," yule mama akaanza. "Mabomba, masinki, koki. Mzee alikuja Jumatatu mchana. Akaketi pale nje penye mabomba. Nikamuuliza, baba unasubiri nani? Akasema yeye fundi, anamsubiri mwenye nyumba alete ufunguo. Nikadhani labda amepanga na mteja. Mafundi wengi hukutana na watu wao pale kwangu."

Mama alitabasamu, tabasamu lile la kilio. "Ndiye yeye," akasema.

"Jioni nafunga, yupo. Namwambia baba nenda nyumbani, ananiambia hawezi kuacha kazi ya watu. Mvua ikamlowesha, nikampa koti la marehemu mume wangu. Sweta yake niliianika, iko kwangu, nitawaletea. Akalala barazani na mlinzi. Nilimpa chai, nilimpa chakula. Alikula, alikuwa hana shida, tena alimfundisha kijana wangu wa dukani kufunga koki isivuje. Nikamwambia mjumbe wa mtaa, akasema tusubiri, jamaa zake watajitokeza."

"Mungu akubariki," Mama akasema. "Mungu akubariki wewe na nyumba yako."

"Usinibariki, mama yangu." Macho yakamjaa. "Subiri nimalize. Mimi niliwatafuta. Alhamisi nilimwona anashika kifua, nikaogopa. Nikachukua simu nikaandika 'mzee amepotea'. Ikatokea ya kwanza kabisa, mzee ana sharubu. Nikaitazama, nikamtazama yeye. Nikasema mbona kama yeye? Macho yale yale. Nikawa nishaanza kubonyeza ile namba."

Niliuona mgongo wa Chapchap umekakamaa pale chini.

"Sasa nikasoma yale maneno ya juu, huko chini sikufika. Imeandikwa amepotea leo asubuhi. Na tarehe ya leo, Alhamisi. Nikasema ah, si huyu. Huyu wangu yuko hapa tangu Jumatatu, amelala kwangu, anapoteaje leo? Wazee wanafanana. Nikaona nitawasumbua bure watu wenye msiba wao. Nikaweka simu chini." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Kesho yake asubuhi akaanguka. Ingesema Jumatatu ningewapigia pale pale. Nimekuja kuwaomba radhi. Sijalala tangu siku ile."



Mama hajui tovuti wala mtambo. Alituangalia mmoja mmoja, ametatizika, kama mtu aliyepewa chenji isiyo sahihi.

"Lakini alitoka Jumatatu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naanika nguo. Nani aliandika leo?"

Mtu yeyote angeweza kusema ni makosa ya ofisi. Mama angekubali. Nilimwona Chapchap akilifikiria hilo, maana namjua, nimemlea. Halafu akapiga magoti yote mawili chini.

"Mimi, mama."

"Wewe uliandika leo?"

"Niliandika kila siku, mama. Jumanne nikaandika leo. Jumatano nikaandika leo. Alhamisi..." Akashindwa. Kwa mara ya kwanza tangu Baba apotee akalia, na alilia vibaya, kwa sauti ya mtoto, huku anajaribu kumaliza sentensi. "Nilitaka awe wa kwanza. Nisingebadilisha asingeonekana, mama. Nilitaka aonekane."

Hakugeuka kuniangalia. Hakusema dada alijua, dada alisimama pembeni yangu, dada alisema mwache hapo hapo. Angesema angekuwa na haki. Nikaona anajitwisha peke yake, na mimi mwenye mdomo usio na breki nimesimama kama nguzo.

"Na mimi nilijua," nikasema. "Niliuona kwa macho yangu. Nikaukubali. Tena wangu wenye tarehe ya kweli niliufuta kwa mkono wangu huu."

Nilitaka Mama atupige. Wallahi nilitaka anyanyuke atuchape vibao mbele za watu, atutukane, amwite Baba kwa jina. Ningejua pa kuanzia.

Hakufanya hivyo. Aliinuka polepole akishika ukuta, akaenda jikoni mwenyewe, ingawa mfiwa haachwi apike. Akarudi na kikombe cha chai, akampa yule mwenye duka kwa mikono miwili. Akakaa tena karibu naye, mabega yakigusana, akamwambia, "Niambie alikula nini. Anza Jumatatu." Yule mama akaanza kumweleza, taratibu, siku kwa siku, alichokula, alichosema, alivyocheka na mlinzi. Mama alikuwa anasikiliza kichwa kimeinama, anauliza tena na tena, alisema hivyo kweli?

Kwetu hakutazama. Chapchap alikuja kusimama mlangoni nilipo mimi, tukabaki hapo wawili, mpaka jirani akatuomba tusogee, watu wanataka kuingia kutoa pole.